Jedwali la kuzidisha ao mashine ya kuhesabia: mtoto wa Kongo aanze na nini?

Katika soko la Kadutu mjini Bukavu ao la Virunga mjini Goma, watoto wengi hutoka shuleni na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama kumsaidia kuuza. Hapo hesabu ni pesa ya chakula cha jioni. Mteja analipa kwa dola, anataka baki kwa franka, na simu yenye mashine ya kuhesabia iko karibu. Je, mtoto huyo bado anahitaji kukariri kwamba saba mara nane ni hamsini na sita?

Swali hilo linawagawanya wazazi na waalimu. Kuna wanaosema mashine imewafanya watoto kuwa wavivu wa akili, na kwamba zamani mtu aliyemaliza shule ya msingi alihesabu bila kugusa kitu. Wengine wanajibu kwamba kuimba jedwali kila asubuhi ni kupoteza wakati, kwa kuwa simu inatoa jibu haraka kuliko mwalimu mwenyewe. Kila upande una sehemu ya ukweli, na kila upande unasahau jambo moja: mashine haijui kama aliyebonyeza amekosea.

Mfano wa sokoni

Tuseme dola moja inabadilishwa kwa franka 2,300. Mteja ananunua vipimo vitatu vya maharagi, kila kimoja franka 3,000, na analipa kwa noti ya dola 5. Bei ni franka 9,000, dola 5 ni franka 11,500, kwa hiyo baki ni franka 2,500.

Sasa kidole kikiteleza na kuandika 3,200 badala ya 2,300, mashine itasema dola 5 ni franka 16,000. Mtoto anayeamini tu kile kilichoandikwa atarudisha franka 7,000, na mama atapoteza franka 4,500, zaidi ya bei ya kipimo kizima. Lakini mtoto anayejua kwamba tano mara mbili ni kumi, na tano mara tatu ni kumi na tano, atashtuka mara moja. Atasema kichwani: dola haijafika franka 3,000, kwa hiyo dola 5 haziwezi kupita franka 15,000. Atafuta na kuanza upya.

Kile kilichomwokoa ni hesabu ndogo aliyokuwa nayo kichwani, kisha akaitumia kuikagua mashine. Katika nchi ambamo pesa za aina mbili zinatumika kila siku, na kiwango cha kubadilisha kinapanda na kushuka, ujuzi huo si wa mtihani peke yake.

Nchi zingine zilifanya nini

Mabishano haya hayakuanzia Kongo. Nchini Marekani, mwaka 1980, baraza la kitaifa la waalimu wa hisabati lilipendekeza mashine za kuhesabia zitumike katika viwango vyote vya masomo. Miaka 28 baadaye, mwaka 2008, jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya nchi hiyo lilichunguza tafiti zilizokuwepo. Liliona kwamba mashine hazikuwa na athari kubwa kwa uwezo wa watoto wa kuhesabu, wala kwa uzuri wala kwa ubaya. Hata hivyo, lilitoa tahadhari kwamba zikitumiwa mapema zinaweza kumzuia mtoto kuzoea hesabu za msingi hadi azijibu bila kusita.

Uingereza ilizunguka pande zote mbili. Mwaka 1982, ripoti ya Cockcroft ilisema mashine hazikuwa zimeharibu uwezo wa wanafunzi wa kuhesabu, na ikaunga mkono zitumike darasani. Mwaka 2014, England iliziondoa katika mtihani wa hisabati wa mwisho wa shule ya msingi. Na tangu mwaka 2022, shule za serikali huko hupima watoto wa miaka 8 na 9 kwa maswali 25 ya kuzidisha, kila swali likipewa sekunde 6.

Singapore ilichagua njia ya katikati. Tangu mwaka 2009, mtihani wa hisabati wa kumaliza shule ya msingi una karatasi mbili: ya kwanza inafanywa bila mashine, ya pili inaruhusu mashine. Mtoto anaonyesha kwanza kile kilicho kichwani mwake, kisha anaonyesha kama anajua kutumia chombo.

Kukariri peke yake hakutoshi

Hata hivyo, wanaotetea kukariri wasifurahi upesi. Mwaka 1985, watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi juu ya watoto waliokuwa wakiuza barabarani mjini Recife. Kwenye biashara yao, watoto hao walijibu sawasawa maswali 98 kwa mia. Walipopewa hesabu za aina ileile kwa mtindo wa shule, namba tupu kwenye karatasi, walipata karibu 37 kwa mia. Mwaka 2025, kundi lenye wachumi Esther Duflo na Abhijit Banerjee, washindi wa tuzo ya Nobel, lilionyesha jambo kama hilo kwa watoto wa masoko ya India. Liliongeza kwamba watoto wa shule wasiofanya biashara walishindwa na hesabu za sokoni.

Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuimba jedwali lote la saba na asijue alitumie wapi. Mwingine anaweza kurudisha baki bila kosa na bado apate sifuri darasani. Huku kwetu, ukuta huo una jambo lingine la kuuongeza urefu: mtoto aliyehesabu mauzo kwa Kiswahili, sabini na tisini, shuleni anakutana na « septante » na « nonante ».

Hali ya masomo inajulikana. Uchunguzi wa PASEC wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi 14 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wanaomaliza shule ya msingi hawafikii kiwango cha kutosha katika hisabati. Mwaka huohuo elimu ya msingi ya bure ilianza kutekelezwa nchini, na madarasa yakajaa. Mwalimu mmoja mbele ya watoto wengi hana njia rahisi kuliko kuwaimbisha pamoja. Lakini katika wimbo wa watu wengi, asiyejua anafungua tu mdomo, na hakuna anayemgundua.

Mpangilio ndio jibu

Yote haya yanaonyesha kwamba ugomvi kati ya jedwali na mashine umewekwa vibaya. La maana ni kipi kitangulie. Miaka ya kwanza iwe ya kuhesabu kwa kichwa na kwa vitu vinavyoshikika: mbegu, vijiti, noti za kuchora. Jedwali likaririwe, lakini kila mstari ufuatwe na swali la bei, la kilo ao la safari. Katika miaka ya mwisho ya shule ya msingi mashine iingie darasani, kwa sharti moja: kabla ya kubonyeza, mwanafunzi aandike jibu analokisia. Mashine ikitoa jibu lililo mbali, atafute nani amekosea.

Kazi hiyo haidai umeme ao intaneti. Ubao, chaki na simu moja ya mwalimu vinaweza kutosha kuanza. Inadai zaidi mwalimu aliyeandaliwa na mwenye muda wa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na hapo ndipo serikali inapaswa kuulizwa, kuliko kumlaumu mtoto kwa sababu ya simu.

Simu haitaondoka sokoni. Mtoto anayetumwa kuuza bila hesabu kichwani atalazimika kumwamini kila mtu anayemwonyesha namba kwenye kioo, na si kila anayeionyesha amekosea kwa bahati mbaya.