Makadirio ya Kenya Open Yaanze na Ardhi

Wiki chache zilizopita tulikuwa Koboko kikazi. Tulipokuwa tukingoja gari kando ya barabara iendayo Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, kijana mmoja wa bodaboda alituona tukisoma ukurasa wa michezo. Akauliza: "Afande, hawa watu wa gofu wa Nairobi, nani atachukua safari hii?" Tulidhani ni udadisi tu. Kumbe alikuwa na shilingi elfu ishirini mfukoni, na kibanda cha kubeti kilikuwa ng'ambo ya barabara. Hatukumjibu siku ile. Jibu tunalitoa leo, kwa sababu swali lake ni la wengi, Koboko na hapa Arua pia, na kwa sababu majibu wanayopewa wananchi juu ya jambo hili ni mepesi mno.

Mashindano aliyoyasema ni Kenya Open, yaliyoanzishwa mwaka 1967, ambayo tangu mwaka 2019 yamo katika mzunguko mkuu wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya. Mwaka 2025 zawadi zake zilifikia jumla ya dola milioni 2.5. Hakuna mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa yenye uzito huo karibu nasi. Basi kila yanapokaribia, watabiri hujitokeza, na karibu wote hutumia kipimo kimoja: jina kubwa.

Tukiri kwamba nasi tumewahi kukosea kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2024 tuliwaambia wenzetu mezani kwamba Jorge Campillo wa Uhispania, bingwa wa mwaka 2023, angerudia ushindi. Aliyeshinda ni Darius van Driel wa Uholanzi, mtu ambaye hata jina lake tulilitamka kwa shida, na ambaye hakuwa amewahi kushinda katika mzunguko huo. Wenzetu hawajatusamehe.

Lakini historia ilikuwa imekwisha kutuonya. Trevor Immelman alishinda Kenya mwaka 2000 akiwa kijana wa miaka 20. Ubingwa wa Masters kule Augusta aliupata miaka minane baadaye. Ian Woosnam alishinda Kenya mwaka 1986, Masters mwaka 1991. Hata Seve Ballesteros, ambaye mwaka 1978 alikuwa amekwisha kusikika, alikuwa bado hajatwaa ubingwa wowote kati ya ile minne mikuu ya dunia. Nairobi haiwapokei mabingwa wakubwa. Huwakuta njiani, kabla hawajafika. Na katika mashindano sita ya kwanza tangu Kenya Open iingie mzunguko mkuu, kuanzia 2019 hadi 2025, washindi watatu walikuwa wakipata ushindi wao wa kwanza katika mzunguko huo: Guido Migliozzi wa Italia mwaka 2019, van Driel mwaka 2024, na Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini mwaka 2025.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba makadirio ya hali huanza na ardhi, na adui hufuata. Ofisa akianza na adui, humwona mkubwa au mdogo kuliko alivyo. Tuitazame basi ardhi ya Nairobi. Mji ule uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya Muthaiga na Karen, ambako mashindano haya huchezwa, vimezungukwa na miti mirefu. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na mpira wa gofu huruka mbali kuliko pwani. Mchezaji aliyezoea viwanja vya ufukweni hujikuta ameupitisha mpira juu ya shimo na kuutia vichakani, si kwa ubaya wa mkono bali kwa ubaya wa hesabu. Kila fimbo aliyoijua umbali wake miaka kumi, sasa humdanganya.

Nani asiyedanganywa? Yule aliyelelewa katika mwinuko kama huo. Johannesburg iko juu kama Nairobi, pengine kuizidi kidogo. Na hapa pana jambo ambalo kila mara hutufanya tucheke kwa uchungu: nyasi zilizotanda Muthaiga, zile nene zinazoukamata mpira, ni nyasi za nyanda za juu za Afrika Mashariki, na duniani kote huitwa kikuyu. Zilichukuliwa kwetu, zikapandwa Afrika Kusini, na Waafrika Kusini wakajifunza kuzichezea kuliko sisi tulio wenyewe. Tena miezi ya Desemba hadi Machi ni kiangazi kwao, viwanja vyao vimejaa mashindano, wakati Mwingereza anatazama theluji dirishani. Immelman, Haydn Porteous mwaka 2015, Justin Harding mwaka 2021, Kruyswijk mwaka 2025: hiyo si bahati.

Tuongeze hesabu. Kuanzia 2022 hadi 2025, Muthaiga, washindi walimaliza wakiwa mikwaju 16, 18, 14 na tena 18 chini ya kiwango cha uwanja. Maana yake ni mikwaju minne kwa siku, siku nne mfululizo. Mtu wa kutazamwa ni yule anayeweza hivyo bila siku moja ya kuharibikiwa.

Hapo ndipo tunapofika penye uzito, na tunajua maneno haya hayatapendwa. Ukurasa kama huu hutarajiwa kusema kwamba safari hii ni zamu ya mwana wa Afrika Mashariki. Hatutasema hivyo. Mwaka 1998 Jacob Okello wa Kenya alifika hadi mashimo ya ziada ya kumtafuta mshindi, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Hakuna Mkenya aliyekuwa amepata kushinda kabla ya hapo. Dismas Indiza wa Mumias, aliyeanza kwa kubeba mikoba ya wachezaji, ametamba sana katika kanda yetu, lakini kanda yetu haimpi mtu wiki ishirini na zaidi za mashindano makali kwa mwaka, kama wapatazo wale anaokutana nao Muthaiga. Baada ya siku mbili huvuka mchujo wachezaji 65 tu pamoja na waliolingana nao. Kwa mchezaji wetu, kuvuka hapo ni ushindi wa kuandikwa, nasi tutauandika.

Tunawafikiria pia vijana wanaobeba mikoba katika uwanja wa gofu wa hapa Arua. Mkono wanao, tumewaona jioni wakipiga kwa fimbo ya kuazima. Arua iko karibu mita 500 chini ya Nairobi, na mmoja wao akipelekwa kule leo, hata umbali wa mpira wake mwenyewe utamgeuka. Anayewatabiria makubwa bila kuwapa mashindano ya kucheza huko juu hawasaidii lolote.

Basi jibu la Koboko ni hili. Wachezaji huwa zaidi ya 140, na hata anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda. Shilingi elfu ishirini za petroli hazina kazi katika kibanda kile. Akitaka kutazama tu, amtafute Mwafrika Kusini wa aina ya Jayden Schaper, ambaye Desemba 2025 alishinda mara mbili mfululizo, mara ya kwanza huko huko Johannesburg. Jina lenyewe asilishikilie sana. Asubiri Ijumaa jioni, asome orodha, na amtafute aliye mikwaju minane au zaidi chini ya kiwango, ambaye watabiri hawakumtaja.