TAIRI LICHAGULIWE KWA NJIA, SI KWA SURA

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina hekima yake shambani, kwani humkemea mvivu atafutaye kisingizio. Lakini barabarani, na hasa kule ambako barabara imekwisha, hatuna budi kuigeuza na kusema: asiyechagua tairi si dereva. Leo tunapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi wa Uganda juu ya jambo ambalo wengi hulidharau mpaka siku gari linapopinduka.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba gari huigusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali ukubwa wake hauzidi sana kiganja cha mkono. Nguvu zote za injini, breki zote, usukani wote, na maisha ya askari wote walioketi nyuma na silaha zao, hupita katika viganja hivyo vinne vya mpira. Gari likiwa zuri namna gani, haliwezi kuwa bora kuliko matairi yake.

Matairi ya magari yetu ya kazi ni ya namna tatu. Liko tairi la lami, lenye herufi H/T, ambalo meno yake ni mafupi na yamesongamana. Liko tairi la matope, lenye herufi M/T, ambalo meno yake ni makubwa na yameachana, ili matope yapate nafasi ya kurushwa nje gurudumu linapozunguka. Katikati yao liko tairi la njia zote, lenye herufi A/T. Hilo lina meno makubwa kuliko la lami, lakini yaliyokaribiana kuliko ya tairi la matope.

Hapa ndipo kosa linapoanza. Vijana wengi, wakiulizwa wanataka tairi gani, hutaka lile la meno makubwa, kwa sababu lina sura ya vita. Sura haishiki barabara. Tairi la matope huweka mpira mchache juu ya lami. Kwa hiyo mvua ikinyesha, gari huchelewa kusimama. Aidha, hunguruma sana, hula mafuta zaidi, na meno yake huisha upesi. Gari liondokalo Kampala kwenda Moroto husafiri zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni lami. Yatakuwa na faida gani matairi yaliyonunuliwa kwa ajili ya tope, iwapo gari litateleza kwenye lami iliyolowa kabla halijauona hata mti mmoja wa miiba?

Kwa hiyo rai yetu ni hii: tairi lichaguliwe kwa njia ambayo gari huipita siku nyingi, wala si kwa ile linayoipita mara moja kwa mwaka. Kwa gari la doria ambalo asubuhi liko kwenye lami, adhuhuri kwenye moramu, na jioni porini, tairi la njia zote ndilo lifaalo. Lakini tusidanganyane: jina hilo ni kubwa kuliko uwezo wake. Udongo mweusi wa mbuga za Karamoja, ukinyeshewa, hunata na kujaza mianya ya meno mpaka tairi likawa laini kama kipara. Kituo ambacho magari yake hushinda katika udongo huo majira yote ya mvua kina haki ya kuomba tairi la matope, pamoja na minyororo ya magurudumu. Kituo ambacho magari yake hayatoki mjini kinaweza kutosheka na tairi la lami, na fedha za umma zikaokolewa.

Zaidi ya meno, mchaguzi autazame ubavu wa tairi. Kule Kisoro, chini ya milima ya Muhavura, Mgahinga na Sabinyo, mawe ya volkano yana ncha kali zinazochana. Karamoja iko miiba ya migunga. Pancha iliyoingia mahali pa kukanyagia aghalabu huzibika; ubavu uliochanika hauzibiki kwa namna ya kuaminika. Basi kwa sehemu hizo lichaguliwe tairi lenye ubavu mnene, lililotengenezwa kwa ajili ya magari ya mizigo, hata kama bei yake imezidi kidogo. Na tairi la akiba liwe namna ile ile na kipimo kile kile kama yale manne.

Ubavu huo huo una maandishi, na askari anayejua kuyasoma hawezi kudanganywa na muuzaji. Tuchukue mfano wa uzito. Baada ya kipimo cha tairi hufuata namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 108 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,000; namba 116, kilo 1,250; namba 120, kilo 1,400. Sasa tupige hesabu. Askari kumi pamoja na silaha, maji na vyakula vyao, wakikadiriwa kilo 100 kila mmoja, ni tani nzima, na sehemu kubwa ya tani hiyo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma. Iwapo ekseli ya nyuma imebeba jumla ya kilo 2,000, basi kila tairi la nyuma limebeba kilo 1,000, na lile la namba 108 limekwisha fika mwisho wa uwezo wake kabla ya shimo la kwanza. Tairi lililoelemewa hupata joto, na joto ndilo linalolipasua.

Vilevile ipo tarehe. Kila tairi lina tarakimu nne za kuzaliwa kwake: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Likiandikwa 3523, lilitengenezwa juma la 35 la mwaka 2023. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, hugumu na kupata nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na lisitumike kabisa likitimiza miaka kumi, hata kama meno yake bado ni marefu. Kwa hiyo tairi "jipya" lililolala ghalani miaka minane si jipya. Kulipokea kwa sahihi na kulifunga kwenye gari la doria ni kumfanyia hila mwenzio.

Tumepata pia kuona magari yenye matairi ya namna tatu katika ekseli mbili. Jambo hili ni la hatari. Gari linalovuta kwa magurudumu manne, likiwa na matairi yasiyolingana kimo, hulazimisha magurudumu kushindana yenyewe kwa yenyewe. Likiendeshwa hivyo kwenye ardhi ngumu, giaboksi ya pili huumia mpaka ivunjike. Na mwenye kupachika matairi makubwa kuliko kipimo cha gari ajue kwamba saa ya mwendo itamwonyesha mwendo mdogo kuliko ule anaokwenda kweli.

Mwisho, tairi bora bila upepo sahihi ni fedha iliyotupwa. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke. Kwenye mchanga mzito, upepo unaweza kupunguzwa mpaka paundi 15 au 20 ili tairi litandazike na kuelea juu ya mchanga, na mwendo uwe wa pole. Lakini mchanga ukiisha, upepo urudishwe mara moja. Dereva apunguzaye upepo bila kuwa na pampu ndani ya gari amefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyobaki huenda ikafanywa na wachukuzi wa majeruhi.

Tunawageukia sasa wale wanaonunua. Aghalabu mnunuzi hukaa ofisini, naye dereva hukaa kwenye tope. Mmoja anajua bei, mwingine anajua njia. Wawili hawa wakutanishwe. Tunashauri kila kituo kiwe na daftari la matairi, ambamo itaandikwa tarehe ya kutengenezwa, siku ya kufungwa, kilomita zilizotembelewa, na sababu ya kuharibika: mwiba, jiwe, mzigo au uzembe. Mwaka mmoja tu wa daftari hilo utamfundisha mnunuzi mengi kuliko maneno matamu ya wauzaji. Na dereva anayesema kwamba tairi hili halifai asichukuliwe kuwa mkaidi, kwani yeye ndiye anayebeba roho za wenziwe.

Askari hufundishwa kuitunza bunduki yake kwa sababu siku moja maisha yake yataitegemea. Tairi hategemei siku moja. Hulitegemea kila siku. Basi kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa, kila dereva na ainame, asome ubavu, apime upepo, na atazame meno. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na wanaomngoja nyumbani kwake wana haki ya kuzidai.