Acheni kuombea yoti ya mtu

Kila wiki kwa simu yangu lazima ipite ile video ya Koru, yoti ya Jeff Bezos. Mita 127, milingoti mitatu, bei inayotajwa ni kama dola milioni 500, na iko na meli ingine ya kuisindikiza. Naingia kwa komenti napata vijana wa Ruiru, watu najua wameamka kujaza mitungi saa kumi usiku, wameandika "siku moja, Mungu akipenda".

Wasee, hapana. Niiteni heta, sawa tu.

Hii sinema Afrika Mashariki tulishaiona. Mwaka 1873 manowari ya Waingereza, HMS Glasgow, ilifika Unguja. Sultani Barghash akaipenda, akaagiza ya kwake huko Uskoti, jina lilelile Glasgow. Zaidi ya pauni 32,000 za wakati huo. Na hiyo doh ilitoka wapi? Karafuu. Na mashamba ya karafuu yalifanywa na watumwa. Soko la watumwa lilifungwa huohuo mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897.

Sasa sikia kichekesho. Meli kufika, mzee haikumbamba. Ikakaa tu bandarini miaka na miaka. Agosti 27, 1896, Barghash ashakufa, mtoto wake Khalid akakosana na Waingereza juu ya kiti, vita vikaisha kwa dakika kama 40. Glasgow ikazamishwa asubuhi hiyo. Milingoti ilibaki imechomoza majini hadi 1912.

Lakini huyo Barghash ndiye alivuta maji ya chemchemi kwa mifereji hadi mjini Unguja. Enda umuulize mama wa Mji Mkongwe wa enzi hizo angechagua gani, meli ama mfereji. Sisi hapa tuko na bwawa linaitwa Ruiru, linapeleka maji Nairobi, na kwa ploti yetu mfereji unakohoa hewa. Ndakaini iko hapo juu ya Thika, hadithi ni ileile. Halafu wewe unaombea boti!

Najua mtasema ni pesa yake, alitafuta. Basi angalieni Rotterdam. Mwaka 2022 ilitakiwa daraja la zamani la De Hef lifunguliwe kipande cha katikati ndio Koru ipite na milingoti yake. Wenyeji wakasema watakuja kuirushia mayai viza. Mpango ukafa, boti ikavutwa bila milingoti, ikapitia njia ingine. Hakuna mtu aliambiwa ana wivu. Daraja ni lao, wakakataa, basi.

Mimi siku hizi nikipata hiyo video naacha swali moja: wale wa kupakia mizigo kwa maghala ya Amazon wanalipwa ngapi kwa saa? Nimeuliza mara tano. Mpaka sasa nimejibiwa na emoji za moto, na msee mmoja wa Thika ameniambia nitafute pesa.