Nauli Ina Msimamizi, Hesabu Haina

Abiria wa Dar es Salaam tumezoea kumlaumu dereva wa daladala. Anatanua, anakatisha ruti, anaondoa gari mama hajashusha mguu wa pili. Kila mara wito ni uleule: wapewe semina, wafundishwe ustaarabu. Mimi naamini semina hazitafika mbali, kwa sababu kinachomkaba mtu huyu ni hesabu.

Alfajiri anapokabidhiwa gari anajua hesabu, yaani kiasi ambacho tajiri mwenye gari anakitaka jioni. Kiasi hicho hakipungui eti mvua imejaza maji Jangwani, trafiki ameandika faini au foleni ya Buguruni imegoma kusogea. Mafuta anaweka yeye. Kinachobaki anagawana na konda, na siku kisipobaki kitu wote wawili wamefanya kazi bure. Akilalamika, funguo zinachukuliwa na gari anapewa deiwaka, dereva wa kibarua aliyekuwa akisubiri kijiweni. Mtu wa namna hiyo atatuliaje usukanini? Hata mwanafunzi anayeachwa kituoni, jambo linaloniuma kila ninapoliona, anaachwa kwa kuwa nauli yake ndogo inakalia nafasi ya mtu mzima.

Matteo Rizzo, aliyechapisha mwaka 2017 kitabu kuhusu usafiri wa jiji hili, alikuta wafanyakazi wa daladala wakifanya kazi kwa wastani wa saa 15 kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 9 za kawaida. Katika pengo hilo ndimo usingizi unamopotelea, na watoto wanamkuta baba amelala au ameshaondoka.

Ajabu ni kwamba nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, tena hadharani, lakini hesabu inapangwa na mwenye gari peke yake. Kipato cha gari kimewekewa kikomo, madai juu ya dereva hayana. Anachoweza kuongeza ni mwendo, tripu na saa za kazi.

Wenye magari wana hoja nzito. Wengi wana basi moja au mawili, pengine ya mkopo, na hawana namna ya kujua konda amekusanya kiasi gani. Wanahofia kwamba wakilipa mshahara badala ya kudai hesabu, mapato yatayeyuka njiani. Hofu hiyo inatibika kwa tiketi za kielektroniki. Haihalalishi kumbebesha dereva hasara zote za barabara.

Kenya ilijaribu njia ya ajira. Kanuni za Michuki, zilizoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi na kuanza kutekelezwa mwaka 2004, zilitaka madereva na makondakta wa matatu, yaani daladala za huko, waajiriwe kwa kudumu. Mikanda na vidhibiti mwendo vilikaguliwa barabarani. Lakini ajira haionekani kwa trafiki aliyesimama kando ya njia, na malipo ya kutwa yameendelea.

Ndiyo maana mkataba wa ajira wa karatasi tu hautanishawishi. Unasainiwa, unaingia kwenye faili, na jioni hesabu inadaiwa kama kawaida. LATRA idai ushahidi wa michango ya dereva na konda katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kabla ya kuhuisha leseni ya gari, mwaka baada ya mwaka. Hilo likihitaji nauli kupanda, tuijadili nyongeza hiyo waziwazi, maana kwa sasa sehemu ya nauli yetu anatulipia dereva kwa afya yake.