Kura ya 20 Desemba 2023: pesa za jeshi zilifika kweli Sake?

Tangu kampeni ilipoanza tarehe 19 Novemba 2023, picha za wagombea zilijaa barabarani Goma, toka Birere hadi Katindo. Chini ya picha hizo watu hawakubishana sana juu ya majina. Walibishana juu ya pesa. Je, rais atakayechaguliwa 20 Desemba 2023 atie pesa za nchi katika bunduki na ndege za vita, ao katika shule, barabara na hospitali?

Waliosema jeshi kwanza walikuwa na sababu zao, na si ndogo. M23 wanashikilia Bunagana tangu 13 Juni 2022. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo Rutshuru na Kiwanja zikaanguka. Barabara ya Rutshuru ndiyo ilikuwa inalisha Goma, na kila mama anayepika alijua bei ya maharagi ilipanda namna gani tangu ifungwe. Motari aliyezoea kupeleka abiria hadi Kiwanja wakati huo alikuwa anazunguka mjini tu. Mtu wa namna hiyo ungemwambia habari ya kujenga shule, angekuuliza: ijengwe Jomba, na nani aende kuifundisha?

Upande mwingine kulikuwa na walimu, wauguzi na wazazi. Masomo ya shule za msingi yalitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, watoto wakajaa madarasani, lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo huo. Hao walikumbusha jambo ambalo wagombea wengi hawakupenda kulisikia. Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule unaoitwa état de siège, Mei 2021. Gavana akawa mwanajeshi, wakuu wa wilaya wakawa wanajeshi ao polisi, raia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Na Bunagana ilianguka chini ya utawala huohuo, mwaka mmoja na kidogo baada ya kuanza. Kwa hiyo waliuliza: jeshi limekwisha kupewa mamlaka yote, linaongezewa nini tena?

Mabishano haya yangeweza kuendelea hadi siku ya kura bila mtu kumshinda mwenzake, sababu pande zote mbili zilikubali jambo moja bila kulichunguza. Ziliamini kwamba pesa zikishapigiwa kura Kinshasa, zimekwisha kufika. Hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka 2022 nchi ilipata sheria ya mpango wa kijeshi kwa miaka 2022 hadi 2025. Hesabu yake inapita dola bilioni 3. Hiyo si bajeti ya nchi iliyosahau jeshi lake. Vifaa vipya vilinunuliwa, hata ndege zisizo na rubani toka China, na wakufunzi wazungu walionekana Goma. Lakini kwenye barabara ya Sake kwenda Masisi, mwaka 2023 waliosimama mbele ya adui mara nyingi walikuwa Wazalendo: vijana wa vijijini wasio na mshahara wa serikali, waliokula walichopewa na wakaaji ao walichochukua kwao. Kama pesa za vita zilitosha, kwa nini vita vilipiganwa na watu wasiolipwa? Na kama hazikutosha, zilizotoka ziliishia wapi?

Si swali jipya. Baada ya vita vya pili, idadi ya askari iliyokuwa inatangazwa ilikuwa kubwa mno. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wa EUSEC kusaidia kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, yaani pesa ya askari isipitie tena mikononi mwa mkubwa wake. Watu walipohesabiwa mmoja mmoja, yakaonekana makumi ya maelfu ya majina yasiyo na mtu. Mshahara ulikuwa unatoka kila mwezi kwa ajili ya majina hayo. Na Juni 2021, Rais Félix Tshisekedi mwenyewe, akiwa Bunia, alisema hadharani kwamba kuna mafia ndani ya jeshi. Mkuu wa juu wa majeshi ndiye aliyesema, si mpinzani wala mwandishi wa habari.

Wale wanaodhani pesa peke yake inaleta amani wangeangalia pia MONUSCO. Kwa miaka mingi imetumia karibu dola bilioni moja kila mwaka, na Beni watu wanachinjwa tangu Oktoba 2014.

Tshisekedi, Katumbi, Fayulu, Mukwege: kila mmoja aliahidi amani mashariki. Kuahidi jeshi lenye nguvu ni rahisi, hakuna mpiga kura wa Goma, Beni ao Bunia atakayekataa. Kazi ya mpiga kura ilikuwa kuwauliza mambo madogo ambayo hayapigiwi makofi kwenye mkutano. Askari aliye mbali na mji anapata mshahara wake wapi, na kwa mkono wa nani? Chakula cha kikosi kinanunuliwa Kinshasa ao hapa? Inspekta wa fedha ataingia katika hesabu za vita, ao atasimamishwa mlangoni kwa neno “siri ya ulinzi”? Siri ya mipango ya vita inaeleweka. Bei ya mifuko ya wali si siri ya vita. Mjane wa askari aliyekufa atangoje malipo miaka mingapi?

Mgombea anayejibu hayo kwa hesabu anastahili kusikilizwa, hata kama chama chake hakipendwi. Pesa iliyoibiwa jeshini haijengi shule, na wala haimpi askari risasi. Mwalimu na motari waligombana bure juu ya kitu ambacho hakuna kati yao aliyekipata.

Kulikuwa na wengine ambao wangekuwa wa kwanza kujibu swali hili, lakini hawakuulizwa. CENI ilisema hakuna kura Rutshuru na Masisi, kama vile Kwamouth kule magharibi. Bunge lililopaswa kupanga pesa za vita hivi lingekaa bila wabunge waliochaguliwa na watu wa mahali vita vilipopiganwa. Wengi wao walikuwa kambini Kanyaruchinya na Bulengo, chini ya mahema, kando ya mji ambao ungepiga kura. Asubuhi ya tarehe 20 jirani zao wa Goma wangepanga foleni mbele ya vituo. Wao wangekuwa kwenye foleni ya maji.