Nesi wa usiku naye apimwe
Na Mwanaidi Shekue

Jirani yangu ni nesi wa wodi ya wazazi. Akitoka zamu ya usiku hufika nyumbani saa mbili asubuhi, hutundika khanga mbili dirishani kuzuia jua, kisha huwasihi watoto wakachezee nyuma ya nyumba. Saa tano yuko uani, macho mekundu, anafua. Usingizi umegoma. Huu ni mwaka wa 22 anaishi hivyo.

Mwili una saa yake. Imo ndani ya ubongo, na huongozwa na nuru inayoingia machoni. Giza likitanda, ubongo humwaga homoni ya melatonini. Wala si usingizi tu unaopangiwa wakati. Seli nazo zina saa zake za kugawanyika na kukarabati vinasaba vilivyoharibika. Taa za wodi zikiwaka saa nane za usiku, melatonini hushuka na ratiba yote huvurugika.

Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa hiyo kwenye kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani. Mwaka 2019 likaipitia upya kazi ya usiku, likaiacha palepale. Mabishano yapo: uchunguzi mkubwa wa Uingereza wa 2016 haukuona uhusiano na saratani ya matiti. Lakini ule wa manesi wa Marekani, uliotoka 2001, ulionyesha kuwa waliofanya zamu za usiku kwa miaka 30 na zaidi waliugua kwa takriban theluthi moja zaidi ya wenzao.

Denmark haikungoja mabishano yaishe. Mwaka 2008 ilianza kuwalipa fidia wanawake waliopata saratani ya matiti baada ya kukesha kazini miaka mingi.

Nami nasimama upande huo. Wodi haziwezi kufungwa usiku. Nani atampokea mama mwenye uchungu? Ila asipangiwe mtu yuleyule usiku, mwezi hadi mwezi, kwa kuwa tu hana wa kumsemea. Na aliyekesha miaka mingi apimwe matiti bure, hapohapo anapofanyia kazi.

Nilimuuliza jirani kama amewahi kupimwa. Akasema kliniki hufunguliwa asubuhi, wakati yeye ndiyo kwanza anatundika khanga.