Kamba Ina Kulabu, Mguu Hauna pa Kukanyaga

Anayetaka kuuelewa uchumi wetu wa dhahabu asiishie kusoma hotuba za bajeti. Asimame Katoro, kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Bwanga, atazame namna watu wanavyopanda nyuma ya pikapu. Mchimbaji anayekwenda Lwamgasa hukanyaga tairi, hushika ukingo wa bodi, kisha hujirusha ndani akitanguliza kifua. Mama lishe mwenye ndoo ya maharage hawezi kujirusha. Huvutwa mikono na watu asiowajua, huku akihangaika kuibana khanga yake isimwaibishe. Ngazi yao wote ni tairi, na masika tairi hilo huwa limepakwa tope.

Sasa itazame bodi yenyewe. Pikapu nyingi za kazi zina kulabu za kufungia kamba pembeni. Nyingine, hasa za asili ya Marekani, zina mifuko ya mraba juu ya kingo, ambamo husimikwa vigingi au mabomba ya kuzuia shehena. Mhandisi aliuwazia mfuko wa saruji kwa makini kabisa: utafungwa wapi, utazuiwa na nini, kona ikikatwa utaelekea upande gani. Kwa mguu wa binadamu hakuacha hata tundu. Simlaumu sana, kwa kuwa aliagizwa kuunda gari la mizigo. Ninaowalaumu ni sisi tunaolinunua, tunaolikagua na tunaolipa leseni, kisha tukajifanya hatujui nani hulipanda.

Nitaambiwa kwamba leseni ya usafirishaji hutofautisha gari la abiria na gari la mizigo, na kwamba kuweka ngazi ni kuhalalisha kosa. Hoja hii inapendwa sana maofisini kwa sababu haigharimu kitu. Haya, tuseme abiria wote wameshushwa leo na mabasi yametosha hadi Nyarugusu. Nani atapakia viroba vya mawe ya dhahabu vinavyopelekwa kwenye karasha? Kuli hupanda na kushuka bodi hiyo hiyo mara nyingi kwa siku, kihalali kabisa, akiwa amebeba au amechoka. Kwake yeye bodi ni mahali pa kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wanaomfanyia kazi. Sijui ni kwa mantiki gani wajibu huo ukomee kwenye bampa.

Akianguka, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini mfuko huo huchangiwa na mwajiri kwa kufuata mishahara anayoilipa, na kuli wa Katoro hulipwa kwa kiroba, mkononi, bila jina lake kuandikwa popote. Tangu mwaka 2019 tumefungua masoko ya madini ambamo dhahabu hupimwa kwa gramu na kila gramu huandikwa. Aliyelipandisha jiwe garini hana mstari katika daftari lolote.

Wala jambo hili si geni duniani. Marekani ina kanuni, kwa malori yenye kabini iliyoinuka juu ya injini yaliyotengenezwa tangu Septemba 1982, inayotaka vikanyagio na vishikio vinavyomwezesha mtu kuwa na viungo vitatu vilivyogusa gari wakati wote anapopanda: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Chevrolet Silverado ya mwaka 2014 ililetwa ikiwa na pa kukanyagia kwenye pembe za bampa la nyuma. Tundu kwenye bampa, basi! Halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Katoro haikosi mafundi wa kuchomelea. Kikanyagio cha bati lenye michirizi, kikifungwa kwa bolti imara chini ya bodi, na bomba la kushika upande wa nyuma, ni kazi wanayoiweza. Ziko tahadhari: bomba lililotumbukizwa tu katika mfuko wa ukingo hung'oka likivutwa kwenda juu, kwa hiyo lazima lifungwe, na chasisi isichomelewe ovyo. Hapo ndipo mkaguzi anapohitajika, awaandikie mafundi kipimo kimoja badala ya kuja kutoza faini baadaye.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma mnaosoma hapa: pikapu za halmashauri nazo hubeba watu nyuma. Mgambo hupanda humo. Masanduku ya chanjo hupakiwa humo, na anayeyapakia ni muuguzi aliyevaa sketi. Serikali hununua magari yake kupitia Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, na kila ununuzi huanza na karatasi ya vigezo. Vigezo hivyo hutaja ukubwa wa injini na huenda hata rangi ya viti. Afisa ununuzi anayeandaa makadirio ya mwaka ujao aongeze mstari mmoja: kikanyagio na kishikio cha nyuma. Mkuu wa idara akiufuta, aeleze kwa maandishi kwa nini ameufuta.